Maji yanapoanza kupoa: kuvua kwa mshipi katika maziwa ya Michigan, Septemba hadi Novemba

Wiki ya mwisho ya Agosti, maji ya juu katika maziwa ya kusini mwa jimbo la Michigan, Marekani, huwa bado na joto la nyuzi 75 hivi za Farenhaiti, yaani 24 za Selsiasi, na watoto wanaogelea. Mwisho wa Oktoba maji yaleyale yameshuka hadi nyuzi 50 hivi (10 za Selsiasi). Katika miezi hiyo miwili samaki huhama mara tatu au nne. Anayesimama kwenye gati lilelile, na chambo kilekile kilichompa samaki mwezi wa saba, atarudi mikono mitupu na kusema ziwa limeisha samaki. Halijaisha. Wamehama tu, na kinachowahamisha kinapimika kwa kipimajoto cha bei ndogo kilichofungwa kwenye kamba.

Mwongozo huu ni wa maziwa ya bara: Gun Lake, Murray Lake, Reeds Lake na mengine ya namna hiyo yanayofikika kwa gari kutoka Grand Rapids, Kalamazoo au Lansing. Haulihusu Ziwa Michigan lenyewe, ambalo ni kama bahari, lina mawimbi yake na samaki wake. Wasemaji wengi wa Kiswahili waliohamia pande hizi walikulia kando ya Tanganyika au Kivu, na mkono wa kuvua wanao tayari. Wasichokuwa nacho ni mazoea ya maji yanayoelekea kuganda. Neno vuli hapa tunalitumia kama vitabu vya shule vinavyolitumia, kwa majira ya majani kupukutika. Usitarajie mvua za vuli za kwetu.

Kuhusu majina. Samaki wa huku hawana majina ya Kiswahili, kwa hiyo tutawaita kama wanavyotamkwa: blugili, krapi, besi, wolai na paiki. Kwenye kitabu cha kanuni utawaona wameandikwa bluegill, crappie, largemouth bass, walleye na northern pike. Jifunze kuyatambua maandishi hayo, maana kila mmoja ana kipimo chake na idadi yake. Wapo pia pachi wa manjano, ambao baadhi ya watu huwaita sangara kwa sababu Kiingereza kimewapa jina moja. Si ndugu wa sangara hata kidogo, na pachi wa urefu wa inchi 12 huku anahesabiwa kuwa mkubwa.

Ziwa lenye matabaka

Kiangazi ziwa lenye kina hugawanyika. Maji ya joto ni mepesi, hukaa juu; maji ya baridi ni mazito, hukaa chini; na upepo wa kawaida hauna nguvu ya kuyachanganya. Katikati kuna tabaka jembamba ambamo joto hushuka ghafla. Aliyewahi kupiga mbizi anakumbuka jinsi miguu inavyopigwa na baridi wakati kifua bado kiko kwenye maji ya uvuguvugu. Katika maziwa mengi ya hapa tabaka hilo mwezi wa nane huwa kwenye futi 15 hadi 25, yaani mita 5 hadi 8 hivi.

Chini ya tabaka hilo hewa haifiki. Majani yaliyooza na tope la chini hula oksijeni yote iliyobaki tangu masika (majira ya majani kuchipua), na ziwa likiwa na rutuba nyingi, sehemu yote ya chini huwa haina samaki. Ndiyo maana kosa la kwanza la mwisho wa kiangazi ni kutia mshipi katikati ya ziwa hadi chubwi, yaani kizito cha kuuzamisha, liguse chini. Unavua mahali ambapo samaki hawezi kupumua.

Septemba usiku huanza kuwa na baridi, na maji ya juu hupoa kidogo kidogo. Yakipoa yanakuwa mazito, yanazama, na tabaka la kati linasukumwa chini na kulegea. Hufika siku, katika maziwa ya kina mara nyingi ni Oktoba, ambapo maji ya juu na ya chini yana joto linalokaribiana. Hapo upepo wa siku moja au mbili unatosha kulichanganya ziwa zima. Wavuvi wa huku husema ziwa limepinduka. Waliokulia Mwanza au Kisumu wanajua jambo linalofanana na hilo: upepo wa kusi wa mwezi wa sita hadi wa nane huyachanganya maji ya Ziwa Viktoria. Tanganyika, yenye kina cha takriban mita 1,470, haichanganyiki hadi chini kabisa hata siku moja.

Kwa hiyo pima. Funga kipimajoto kwenye kamba pamoja na chubwi la kukizamisha, kishushe urefu wa mkono mmoja chini ya maji, kiache dakika mbili, kitoe, usome papo hapo. Fanya hivyo mahali palepale na saa ileile, asubuhi kabla jua halijapasha maji ya juu, na uandike kwenye daftari. Namba yenyewe ina faida, lakini mwendo wa namba una faida zaidi. Maji yaliyoshuka nyuzi 5 za Farenhaiti kwa siku tatu yana samaki waliozubaa, hata kama joto lenyewe linaonekana zuri. Maji yaliyokaa palepale wiki nzima, au kupanda nyuzi mbili tatu baada ya jua la siku kadhaa, yana samaki wanaokula. Mwenye chombo cha sauti cha kupimia kina aongeze unyeti wake: tabaka la kati litaonekana kama ukanda wa ukungu uliolala katikati ya kioo. Tia mshipi juu ya ukanda huo.

Jambo la pili la kusoma ni majani ya majini. Vuli majani ya maji mafupi hufa kwanza, na yanapooza hula oksijeni badala ya kuitoa. Yale ya maji marefu zaidi, futi 8 hadi 12, hubaki kijani wiki kadhaa zaidi. Samaki wadogo hukimbilia huko, na wakubwa huwafuata. Huhitaji kuona chini ili kujua. Tupa ndoana yenye uzito, iburute ndani ya majani, ivute itoke, kisha uangalie kilichonasa. Jani hai ni la kijani, gumu kidogo, na ukilikunja linakatika kwa mlio mdogo kama mchicha uliochumwa sasa hivi. Jani linalokufa ni la kahawia, limelegea, linajikunja kidoleni na kuacha utelezi wenye harufu. Ukipata la kijani, umefika. Ukipata la kahawia mara tatu mfululizo, sogea kwenye maji marefu zaidi.

Vifaa, na mtego mmoja wa kuujua vizuri

Ufito mmoja wa futi 6 hadi 7, mwepesi wa kati, na rili ya wazi, yaani kigurudumu cha kukunjia uzi, unatosha kwa blugili, krapi na wolai. Weka uzi wa plastiki wa pauni 6, yaani unaohimili uzito huo kabla ya kukatika. Kwa blugili peke yao pauni 4 ni bora zaidi, kwa sababu maji ya vuli huwa maangavu na samaki wanauona uzi mnene. Kwa paiki na besi chukua ufito mgumu zaidi na uzi wa pauni 12 au zaidi. Uzi uliokaa kwenye rili tangu mwaka jana ubadilishe. Baridi huufanya uwe mkakamavu, utoke kama springi na kujifunga mafundo.

Mtego wenye manufaa kuliko yote msimu huu ni wa kiboya kinachoteleza. Samaki wa vuli hukaa kwenye kina cha futi 8 hadi 18, na kiboya kilichofungwa palepale hakikuruhusu kutupa ukiwa na uzi wa futi 15 unaoning'inia kwenye ufito wa futi 6. Kiboya cha kuteleza hushuka hadi karibu na ndoana wakati wa kutupa, kisha uzi hupita ndani yake hadi kina ulichokipanga. Kinapangwa hivi:

1. Anza na fundo la kizuizi kwenye uzi mkuu. Maduka ya chambo huyauza yakiwa yameshafungwa kwenye kimrija: pitisha uzi ndani ya kimrija, telezesha fundo litoke juu ya uzi, livute likaze, kisha ukate ncha zibaki milimita 5. Ukizikata fupi kabisa, fundo litalegea.

2. Pitisha ushanga mdogo, kisha kiboya chenye tundu katikati.

3. Funga ndoana namba 8 yenye shina refu. Zungusha ncha ya uzi mara tano juu ya uzi mkuu, irudishe katika tundu dogo karibu na jicho la ndoana, kisha katika kitanzi kikubwa kilichojitokeza. Lowesha kwa mate kabla ya kukaza. Fundo linalokazwa likiwa kavu hujichoma kwa msuguano na kukatikia hapo, nawe utadhani samaki alikuwa mkubwa.

4. Bana machubwi madogo mawili au matatu kwenye uzi, sentimita 30 hivi juu ya ndoana. Ongeza hadi kiboya kisimame wima, rangi ya juu tu ikionekana.

Kupima kina, ning'iniza chubwi zito kwenye ndoana na utupe mahali unapotaka kuvua. Kiboya kikizama chote, chubwi halijafika chini. Sogeza fundo la kizuizi juu, mbali zaidi na ndoana. Kikielea kimelala, chubwi limekaa chini. Rudisha fundo taratibu hadi kiwe kinaanza tu kuzama, ondoa chubwi zito, kisha punguza futi moja. Sasa chambo kinaning'inia futi moja juu ya chini.

Yanayoharibika ni machache na yanajulikana. Kiboya kikilala wakati wa kuvua, ama machubwi ni mepesi ama yameegemea chini au juu ya majani. Chambo kikionekana kuvuliwa karibu sana na juu, uzi haupiti ndani ya kiboya: uzito hautoshi, au tundu limeziba kwa mwani. Fundo likipita ndani ya ushanga, tundu la ushanga ni kubwa mno. Tumia mwingine, usiongeze fundo jingine juu ya lile.

Blugili na krapi

Hawa ndio samaki wa kuanzia, na kwa mlaji aliyezoea sato wa kukaanga ndio wanaokaribia zaidi ladha ya nyumbani. Blugili wakubwa, wenye upana wa kiganja kilichofunguliwa, hawakai na wadogo. Septemba wadogo bado wamejaa kwenye magati na maji ya futi 3. Ukiwa unavuta samaki wa vidole vitatu kila dakika, uko kwenye maji mafupi mno. Sogea kwenye ukingo wa nje wa majani, futi 8 hadi 15. Chambo ni nusu ya nyungunyungu, si mzima. Mdomo wa blugili ni mdogo kama ncha ya kidole, na nyungunyungu mzima hung'atwa mkia, nawe ukaachwa na ndoana tupu. Mchome mara mbili, uache sentimita moja ikicheza.

Blugili wa maji ya baridi hazamishi kiboya kwa kishindo. Mara nyingi kiboya hutetemeka, kisha husogea upande, au huinuka kwa sababu samaki amebeba chambo kwenda juu. Ukiona chochote kisicho cha upepo, inua kifundo cha mkono tu, sentimita 20, basi. Ukivuta kwa bega zima utauchana mdomo wake.

Krapi huwa tofauti kwa jambo moja kubwa: hawakai chini. Huelea makundi kwa makundi katikati ya maji, labda kwenye futi 10 mahali penye maji ya futi 20, na macho yao yametazama juu. Chambo kilichowekwa chini yao hawakioni. Ukikosea kina, kosea kwa kuwa juu. Anza na futi 6, uongeze futi moja kila dakika kumi, na ukipata wa kwanza usiguse fundo la kizuizi tena. Chambo bora ni visamaki hai vya inchi moja na nusu hadi mbili, vinavyouzwa kwa dazeni kwenye maduka ya chambo. Kichome mgongoni chini ya pezi, juu ya uti, ili kiendelee kuogelea. Ukichoma uti kinakufa. Mdomo wa krapi ni laini kama karatasi iliyolowa, kwa hiyo mvute kwa mwendo mmoja usiokatika na umpokee kwa wavu wa mkono. Asilimia kubwa ya krapi wanaopotea hupotea pale gatini, wakiinuliwa kwa uzi.

Saa za krapi ni jioni, nusu saa kabla ya jua kutua hadi giza kuingia. Blugili hawana haraka hiyo. Kwa ujumla, Oktoba usijitese na alfajiri. Julai asubuhi ndiyo nzuri kwa sababu maji ni ya ubaridi. Vuli mambo yamegeuka, na saa nane mchana hadi saa kumi na moja jioni, jua likiwa limepasha maji nyuzi mbili, mara nyingi huleta samaki wengi kuliko asubuhi nzima.

Besi, paiki, wolai

Besi wa Septemba huacha kivuli cha majani na kuwafuata samaki wadogo kuelekea kwenye ghuba ndogo. Watafute kwenye midomo ya ghuba hizo na kwenye ncha za nchi kavu zinazoingia majini, hasa upepo ukipiga hapo. Chambo bandia kinachotikisika kinawafaa, na maji yakiwa nyuzi 60 hadi 70 kivute kwa kasi. Yakishuka chini ya 55 punguza mwendo kwa nusu.

Paiki ni samaki wa baridi aliyeteseka kiangazi chote. Maji ya nyuzi 50 hadi 60 humfungua tumbo, na hurudi kwenye majani ya kijani yaliyobaki. Meno yake hukata uzi wa kawaida kwa mguso mmoja, hivyo weka kipande cha waya cha inchi 12 kati ya uzi na chambo. Beba koleo refu. Kumshika, ingiza vidole chini ya kifuniko cha shavu bila kugusa matamvua mekundu. Usimshike kwa kumbana macho, kama wengine wafanyavyo.

Wolai anastahili maneno mengi zaidi, kwa sababu ndiye anayesakwa na wengi na ndiye anayewashinda wengi. Nyuma ya jicho lake kuna utando unaorudisha mwanga kama jicho la paka, kwa hiyo anaona gizani kuliko samaki anaowala. Jua kali humfukuza kwenda chini. Machweo, mawingu na maji yaliyovurugwa na upepo humleta juu. Kabla ziwa halijapinduka yuko kwenye ukingo wa majani, kwenye maji ya futi 10 hadi 18. Baada ya kupinduka sehemu yote ya ziwa ina hewa, naye hushuka kwenye miteremko mikali ya changarawe, futi 20 hadi 30.

Mchana mvue kwa jigi, yaani ndoana yenye kichwa cha risasi. Gramu 7 zinatosha hadi futi 20. Ongeza upepo ukikusukuma. Chomeka kisamaki cha inchi 3 kuanzia chini ya mdomo hadi juu ya pua. Shusha hadi chini, inua sentimita 20, kisha ishushe huku uzi ukiwa umenyooka. Hiyo ya uzi kunyooka ndiyo siri yote. Wolai hupiga jigi ikiwa inashuka, na ukiiachia idondoke kwa uzi uliolegea hutahisi kitu. Kipigo chenyewe ni kama mtu kugonga ufito kwa kidole mara moja. Wakati mwingine hata hicho hakipo, jigi huwa nzito tu kama imeshika jani lililolowa. Vuta.

Mwisho wa Oktoba jioni, aliye ufukweni ana nafasi kuliko mwenye boti. Wolai huja kwenye mawe na ncha za changarawe zenye futi 4 hadi 8 tu, kula visamaki. Tumia chambo bandia chembamba kinachoelea, inchi 4 hadi 5, chenye umbo la kisamaki. Kivute polepole kiasi kwamba ncha ya ufito inatikisika kwa shida. Unayedhani unavuta polepole, punguza tena. Taa ya kichwani iwe imezimwa, iwashwe tu wakati wa kumtoa samaki, na usiimulike majini.

Siku za kupinduka

Utazitambua bila kuambiwa. Maji yaliyokuwa maangavu yanakuwa ya kahawia kama chai iliyochacha, vipande vya majani yaliyooza vinaelea juu, na asubuhi kuna harufu ya yai bovu kutoka kwenye tope la chini. Povu hujikusanya ukingoni. Hali hiyo hudumu siku kadhaa, pengine wiki mbili, na samaki hutawanyika kina chote kwa sababu hakuna tena mpaka unaowaweka pamoja.

Njia bora ni kuliacha ziwa hilo. Nenda kwenye ziwa fupi, lenye kina kisichozidi futi 12 hivi. Halikuwa na matabaka, kwa hiyo halina cha kupinduka. Kama huna usafiri, vua maji mafupi kabisa karibu na ukingo, au ghuba iliyofichwa na upepo, au mahali kijito kinapoingiza maji mapya. Kubadilisha chambo kila dakika tano hakusaidii siku hizo.

Ukiwa huna boti

Fuata upepo. Upepo uliovuma siku mbili upande mmoja husukuma maji ya juu, na pamoja nayo vijidudu na visamaki, hadi ufuko unaoupokea. Simama hapo, upepo ukikupiga usoni. Ni tabu, mikono inaganda, na kutupa ni kugumu. Lakini upande ule uliotulia, wenye starehe, ndio mtupu. Baada ya ngurumo na baridi ya ghafla, anga likiwa samawati kabisa na hewa kavu, subiri siku mbili. Samaki hawajaondoka, ila wamezama ndani ya majani na chambo lazima kiwapite mdomoni.

Gati la umma lenye maji ya futi 8 au zaidi kwenye ncha yake linatosha kwa msimu mzima. Ingia kwenye ramani za kina za maziwa zinazotolewa bure na Idara ya Maliasili ya Michigan. Mahali mistari ya kina inapokaribiana karibu na nchi kavu, hapo kuna mteremko unaofikika kwa kutupa.

Kumwachia au kumpika

Samaki aliyetolewa futi 30 au zaidi, hasa wolai, krapi na pachi, huvimba mfuko wa hewa tumboni na mara nyingi hafiki mbali hata ukimrudisha. Kwa hiyo kina hicho vua kwa ajili ya sufuria, na ukishatosheka acha. Aliyemeza ndoana, kata uzi karibu na mdomo. Kuichimba humuua kwa hakika zaidi.

Wa kula muue mara moja, mkate matamvua atoe damu, umweke kwenye barafu. Usimning'inize kwenye kamba majini siku nzima, nyama hulegea. Mlete nyumbani mzima, bila kukata kichwa wala mkia, maana afisa wa wanyamapori lazima aweze kumtambua na kumpima. Blugili mparue magamba, mpasue, mkate mistari mitatu kila ubavu, mpake chumvi, ndimu na tangawizi, akae nusu saa, kisha mafuta ya moto hadi mapezi yawe makavu ya kuvunjika. Wolai hutolewa minofu miwili isiyo na miiba. Paiki ana safu ya miiba yenye pacha juu ya ubavu. Asiyejua kuitoa amkate vipande vyembamba amkaange sana, au amsage.

Kabla ya kulisha watoto au mama mjamzito, angalia jina la ziwa lako katika mwongozo wa kula samaki kwa usalama unaotolewa na idara ya afya ya jimbo. Zebaki huongezeka kwa samaki wakubwa wenye umri, wanaokula samaki wenzao. Blugili wadogo kwa kawaida ni salama zaidi kuliko paiki mkubwa wa ziwa lilelile.

Sheria na baridi

Kuanzia miaka 17 lazima uwe na leseni, na mwaka wake huanza Aprili 1 hadi Machi 31. Mtu mmoja anaruhusiwa mishipi mitatu. Katika maziwa mengi kipimo cha chini ni inchi 14 kwa besi, 15 kwa wolai na 24 kwa paiki, lakini maziwa kadhaa yana kanuni zake, nazo hubadilika. Soma za mwaka huu. Kuingia kwa gari kwenye bustani za jimbo kunahitaji kibali kinachounganishwa na usajili wa gari. Mwenye boti lazima ang'oe vizibo, amwage maji yote na kuondoa kila jani kabla ya kuingia barabarani. Chambo hai kilichobaki usikimwage ziwani. Kitupe kwenye taka.

Jaketi la kuokolea livaliwe, lisikaliwe. Maji chini ya nyuzi 60 (15 za Selsiasi) humshtua aliyeanguka hadi avute pumzi kwa nguvu bila kutaka, na hapo ndipo waogeleaji hodari huzama. Dakika ya kwanza ni ya kutuliza pumzi. Una takriban dakika kumi mikono ikiwa bado inafanya kazi. Zitumie kutoka majini, si kutafuta ufito. Beba nguo kavu ndani ya mfuko usiopitisha maji na uziache garini, soksi zikiwemo.

Novemba ikiendelea, utaona asubuhi utando mwembamba kama kioo kwenye ghuba zilizotulia, unaoyeyuka saa nne. Hapo maliza na mishipi ya kiboya kwenye maji ya wazi yenye kina, mchana, na usikanyage utando huo hata hatua moja karibu na ukingo.